Mgahawa mzuri wa Kihindi pembezoni mwa jiji: unautambuaje kabla hujakaa kitini?

Mpangaji Mpya

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimehamia nje kabisa ya jiji, kule ambako basi likifika dereva anazima injini na kushuka kunyoosha miguu. Nyumba nzuri, hewa safi, majirani hawana neno. Tatizo langu ni chakula cha Kihindi. Nilikotoka nilishaijua mitaa, najua wapi nikale nini. Huku nikifungua ramani kwenye simu naona migahawa ya Kihindi kadhaa, yote ina nyota nne na ushee, na picha ni kama zimepigwa na mtu mmoja: kibakuli cha shaba, rojo la rangi ya chungwa, krimu imezungushwa juu.

Wikendi nimeingia mmojawapo (jina nalihifadhi). Tuliagiza kuku, kondoo na kamba, kila kimoja na jina lake refu kwenye menyu. Vyote vikaja na mchuzi mmoja. Ungenifunga macho nisingejua nakula kipi mpaka nikitafune.

Siulizi majina ya migahawa maana kila mtu yuko kwake. Naomba mbinu tu. Na msiniambie nirudi mjini, ni saa nzima barabarani kwenda peke yake.

Mzee wa Tanuri

Karibu pembezoni, mkuu. Kwanza toa kichwani hilo wazo kwamba vizuri viko katikati ya jiji. Kwa chakula cha Kihindi mara nyingi ni kinyume chake. Katikati kodi ya fremu inaua, kwa hiyo mwenye mgahawa anapika kitu kisichomkwaza yeyote: mtalii, watu wa ofisini, kundi lililotoka kunywa. Pembezoni kodi inapumua, familia zinanunua nyumba, wazazi wanaletwa kuishi na watoto wao, na huwezi kumpelekea bibi wa Kipunjabi dengu mbovu akanyamaza.

Tazama majiji makubwa ya dunia. London, Wapunjabi walijikusanya Southall, magharibi kabisa karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na Wagujarati wakajaa Wembley. Toronto unakwenda Brampton. Sydney unakwenda Harris Park, jirani na Parramatta. Na mtu wa New York mwenye hamu ya kweli anavuka mpaka kwenda jimbo la New Jersey, barabara ya Oak Tree inayopita Edison na Iselin. Hakuna hata mahali pamoja hapo palipo katikati ya jiji.

Kwa hiyo usianze na mgahawa. Anza na watu. Tafuta duka la vyakula vya Kihindi lililo karibu nawe. Ukishalipata nusu ya kazi imekwisha, maana duka likisimama ujue kuna familia za kutosha zinazopika kila siku, na familia hizo siku ya kuchoka zinakula mahali. Ingia, nunua hata pakiti ya iliki, halafu wakati wa kulipa muulize mama wa kaunta: "Nyinyi mkitoka familia mnakula wapi?" Usimuulize mgahawa gani mzuri. Hilo atakujibu kwa adabu, atakutajia ule wenye taa nyingi. Muulize *yeye* anakula wapi.

Bi Kotmiri

Mzee umenena. Naongezea dukani hapohapo: angalia rafu zenyewe. Zitakwambia ni Wahindi wa wapi wanaoishi huko, na hilo ndilo linaloamua utafute chakula gani.

Ukiona magunia ya unga wa atta, ule wa ngano wa chapati, yamepangwa mpaka dari, majani mabichi ya uwatu na chupa za mafuta ya haradali, hao wengi ni wa kaskazini. Ukiona unga wa dosa (ile chapati nyembamba ya mchele) uliochachushwa umewekwa kwenye friji, nazi, ukwaju na mafungu ya majani ya kari yenye umande, hapo wapo wa kusini. Ukiona ukuta mzima wa vitafunwa vikavu vya unga wa dengu, vya chumvi na vya sukari, na watu wananunua kwa kilo, hao ni Wagujarati. Basi usiende kutafuta dosa kwenye kitongoji cha Wapunjabi, watu wa kaskazini. Utapewa, maana ipo kwenye menyu, lakini mpishi mwenyewe anaitengeneza kwa sababu menyu imemlazimisha.

India ni bara zima, jamani. Kusema chakula cha Kihindi ni sawa na kusema chakula cha Ulaya. Mgahawa unaojua ni wa wapi unaanza na alama mbili mfukoni.

Mpangaji Mpya

Dada Bi Kotmiri asante, hii sikuwahi kuiwaza. Kuna duka moja nyuma ya kituo cha mafuta, sijawahi kuingia. Sasa nikiupata mgahawa wenyewe, menyu naisomaje?

Bi Kotmiri

Menyu ndefu ni dalili ya kwanza ya ugonjwa. Unapewa kitabu: kuku wa korma, kuku wa madras, kuku wa jalfrezi, halafu ukurasa unaofuata kondoo wa korma, kondoo wa madras, kondoo wa jalfrezi, halafu kamba. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha, hakuna jiko linaloweza kupika vitu mia tofauti kila jioni. Ndiyo sababu ulikula mchuzi mmoja mara tatu.

Tafuta vitu visivyo na sababu ya kuwepo isipokuwa kuna mtu anayevipenda. Karela, lile tango chungu. Bamia kavu zilizokaangwa na bizari. Kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Mbuzi mwenye mifupa yake, maana mgahawa unaoogopa wateja unaondoa mifupa yote. Sarson da saag, mboga ya majani ya haradali, msimu wa baridi, na iandikwe ipo msimu tu. Undhiyu, mboga mchanganyiko ya Wagujarati, nayo vivyo hivyo, ni chakula cha kipupwe, ukiiona mwaka mzima itilie shaka. Na ubao. Penye ubao ulioandikwa kwa chaki "leo kuna hiki", mimi nakaa.

Kitu kingine: momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama au mboga ndani vinavyoivishwa kwa mvuke. Ukiona momo kwenye menyu ya "Kihindi", mara nyingi jikoni kuna Wanepali. Sio vibaya hata kidogo! Agiza momo. Watu wanaagiza kuku wa siagi kwa mpishi wa Kathmandu halafu wanalalamika.

Mbishi wa Kudumu

Naona mnamjaza mwenzetu kasumba ya "chakula halisi". Halisi ni kipi? Huyo kuku wa siagi mnaemdharau alizaliwa Delhi, Moti Mahal, mgahawa wa wakimbizi wa Kipunjabi waliokimbia Peshawar baada ya mgawanyiko wa India na Pakistan wa 1947. Ni chakula cha mgahawa tangu siku ya kwanza, hakuna bibi aliyekuwa anakipika nyumbani. Na bado mpaka 2024 warithi wa Moti Mahal na wa mgahawa mwingine, Daryaganj, walikuwa mahakama kuu ya Delhi wanagombania nani alikibuni. Kitu cha bandia hakigombaniwi hivyo.

Pilipili yenyewe ililetwa na Wareno kutoka Amerika. Vindaloo ya Goa ni nyama ya Wareno ya siki na vitunguu saumu iliyotiwa viungo. Mgahawa wa kwanza wa Kihindi unaojulikana London, ule wa Sake Dean Mahomed wa 1810, ulikuwa unawapikia Waingereza waliorudi kutoka India, sio Wahindi. Robin Cook akiwa waziri wa mambo ya nje 2001 alisimama akasema chicken tikka masala ndicho chakula cha taifa la Uingereza. Sasa nyie mnataka bibi.

Mimi nauliza swali moja tu nikila: kitamu au sio kitamu?

Mzee wa Tanuri

Mbishi, historia yako nakubali yote, hitimisho nalikataa. Hakuna aliyesema kuku wa siagi ni haramu. Tunasema aliyepikwa vizuri na aliyepikwa hovyo wako kwenye menyu kwa jina moja na picha moja, na mtoa mada anaomba njia ya kuwatofautisha. Kuku wa siagi wa kweli ameanza kwenye tanuri. Unaona mahali palipoungua kidogo, weusi pembeni, moshi umeingia ndani ya nyama, halafu ndiyo nyanya na siagi. Yule wa pili ni vipande vya kuku vya kuchemsha vilivyomwagiwa supu ya nyanya yenye sukari. Ukiuliza "kitamu au sio" tayari umeshalipa.

Mbishi wa Kudumu

Hapo kwenye kulipa umenishika.

Jikoni kwa Siri

Nimefanya kazi kwenye majiko ya aina hii muda mrefu, ngoja niwafungulie mlango wa nyuma kidogo.

Ule mchuzi mmoja aliokula mtoa mada sio ajali, ni mfumo. Asubuhi tunachemsha sufuria kubwa ya vitunguu na mafuta, karoti kidogo, nyanya, tangawizi, manjano, tunasaga mpaka inakuwa rojo laini. Jioni oda ikiingia, kikaango motoni, mafuta, kijiko cha unga wa viungo, upawa wa rojo, nyama iliyokwisha kuchemshwa. Krimu na lozi ikawa korma, pilipili nyingi ikawa vindaloo. Dakika chache imetoka. Migahawa mingi ya Uingereza, ambayo kwa miaka mingi imeendeshwa na watu wa Sylhet huko Bangladesh, ilijengwa juu ya mfumo huo, na akiusimamia mpishi mwenye mkono chakula kinaliwa vizuri sana. Akiusimamia mvivu ndiyo unapata kile ulichopata wikendi.

Kwa hiyo kipimo changu mimi sio kuku. Ni dengu za kawaida, zile za manjano, kitu rahisi kuliko vyote kwenye menyu. Dengu hazina pa kujificha. Zikija, zisogeze puani kabla ya kuzitia mdomoni. Kama zimeungwa sasa hivi utasikia samli ya moto, bizari nyembamba iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia, kitunguu saumu, mvuje kwa mbali. Juu utaona vidimbwi vidogo vya samli vyenye rangi ya pilipili, bado vinatetemeka, na punje za bizari zimeelea nzima nzima. Hiyo maana yake kuna mtu alisimama jikoni na kikaango kidogo kwa ajili ya bakuli lako. Kama dengu zimekuja za rangi moja tu, nzito, kimya, na juu zimefanya utando, hizo zimepashwa. Na mtu anayekupashia dengu hatakuunga kuku.

Dal makhani ni habari nyingine, ile nyeusi ya Kipunjabi. Ile inatakiwa ikae kwenye moto mdogo saa nyingi, kwa kawaida usiku kucha, kwa hiyo kupashwa hakuiharibu. Kijiko kikisimama na punje bado zinaonekana lakini zinapondeka kwa ulimi, mpishi yuko makini.

Dereva wa Usiku

@Jikoni kwa Siri naan je, ule mkate bapa wa tanuri? Mimi nazihukumu kwa naan.

Jikoni kwa Siri

Uko sahihi, ila uliza kwanza kama wana tanuri. Tanuri la udongo linafika karibu nyuzi 480, naan inabandikwa ukutani kwa ndani na inaiva ndani ya dakika moja au mbili. Ukiigeuza chini unaona: upande uliogusa ukuta ni bapa, una vumbi la unga na madoa ya kahawia, upande wa juu umevimba malengelenge yaliyoungua. Naan ya kwenye ovena ya kawaida pande zote mbili zinafanana, nyeupe, na ikipoa dakika tano unaweza kuivuta kama mpira.

Halafu kuna suala la saa. Tanuri halipati moto wake kwa kuwashwa tu, udongo unachukua muda kunyonya joto. Migahawa midogo ya pembezoni siku za katikati ya wiki mchana haina wateja, haiwashi. Ukienda Jumanne saa nane ukapewa naan mbaya usiuhukumu mgahawa mzima. Nenda Ijumaa au Jumamosi usiku, oda zinapofuatana.

Mla Mboga

Mbona wote mnazungumzia kuku? Mimi siri yangu ya pembezoni ni migahawa isiyopika nyama kabisa, na nakula vizuri kuliko nyinyi nyote.

Sababu ni rahisi. Mgahawa wa mboga tupu hauna kuku wa siagi wa kuuokoa. Wateja wake wakubwa ni Wahindu na Wajaini (wafuasi wa dini ya Ujaini ya India) ambao hawali nyama, wanakuja na wazazi, wanajua kila kitu kinatakiwa kiweje. Ukiona menyu ina alama ya "Jain", yaani wanaweza kukupikia bila kitunguu, bila saumu, bila viazi wala kitu chochote cha mzizi, ujue kila bakuli linapikwa kwa oda. Huwezi kumpikia Mjaini kwa ule mchuzi wa sufuria moja aliousema Jikoni.

Aina mbili za kutafuta. Ya kwanza ni ya Kusini, hasa yenye neno Udupi kwenye bango. Udupi ni mji wa Karnataka wenye hekalu la Krishna, wapishi wa huko ndio walioisambaza dosa na idli (vitumbua vya mchele vya mvuke) kwenye majiji ya India kwa migahawa yao. Dosa ni mchele na choroko nyeusi, vinalowekwa, vinasagwa, vinaachwa usiku vichachuke. Inakuja imekunjwa ndefu kuzidi sahani. Ivunje pembeni, isikie: inatakiwa kupasuka nje na kuwa na ulaini mwembamba ndani, na uchachu unaoufahamu mara ya pili tu, sio mara ya kwanza. Ikiwa tamu, au haina uchachu kabisa, wametumia unga wa pakiti. Sambaru, ule mchuzi wa dengu unaokuja na dosa, uionje peke yake kwanza. Chatini ya nazi iwe nyeupe na baridi, punje za haradali juu. Kama ina rangi ya kijivu imelala.

Ya pili ni thali ya Kigujarati. Sahani kubwa ya chuma, vibakuli pembeni, wanapita wanakuongezea mpaka uweke mkono juu. Dengu zao zina sukari guru, usishtuke.

Mpangaji Mpya

Kumbe ile dengu tamu niliyowahi kula haikuwa kosa! Swali: nyota na maoni ya mtandaoni vina faida yoyote?

Dereva wa Usiku

Vina faida ukivisoma kinyume. Mimi nasafirisha chakula usiku, nimesimama kwenye milango ya jiko nyingi. Nyota zenyewe puuza. Soma malalamiko. "Mhudumu hakutabasamu", "tulisubiri sana", "viti vigumu", "hakuna pombe", "walikuwa wanaangalia kriketi kwa sauti": hayo kwangu ni matangazo ya biashara. Ila "tumbo lilinisumbua" ikirudiwa na watu tofauti, kimbia. Na "kikali mno kwa watoto" nayo naipenda.

Kisha angalia picha walizopiga wateja, sio za mgahawa. Tafuta picha yenye familia imekaa meza ndefu, watu wa rika tatu. Tafuta mikono inayokula bila uma.

Halafu hii hamjaitaja: maegesho ya malori. Wapunjabi wengi Kanada na Marekani ni madereva wa masafa marefu, na wakapeleka dhaba zao kwenye barabara kuu, palepale penye kituo cha mafuta. Dhaba ni mgahawa wa kando ya njia, asili yake barabara za kaskazini mwa India. Kwa nje huwezi kupaamini: fremu, meza za plastiki, friji ya soda. Mtoa mada, hilo duka lako liko nyuma ya kituo cha mafuta. Zunguka upande wa pili uangalie kama hakuna mtu anayekanda unga.

Bi Kotmiri

Hapo kwenye viti vigumu nakubali nusu. Kuna watu siku hizi wanadhani uchafu ni ushahidi wa utamu. Hapana. Meza inanata, choo hakina maji, mimi natoka, hata kama jikoni kuna mpishi wa mfalme. Umaskini wa samani ni kitu kimoja, uzembe ni kingine.

Mama Watatu

Jamani, sisi wenye watoto hatuendi, tunaletewa. Nishaurini hapo.

Dereva wa Usiku

Mama, uliza mimi ninayebeba. Dosa usiagize kamwe ikuletewe nyumbani, inalala ndani ya boksi kwa mvuke wake mwenyewe na inafika imelowa. Naan ina robo saa ya uhai, zaidi ya hapo ni ngozi. Agiza mchuzi kwao, chapati upike mwenyewe. Vinavyosafiri vizuri: dengu za aina zote, biriani, chole za Kipunjabi (mchuzi wa njegere za kihindi), nyama ya mifupa ya rojo zito. Sambusa na bhajia zikija rudisha kwenye ovena kavu dakika chache.

Na kama unaweza, piga simu mgahawa wenyewe badala ya programu. Kwenye programu menyu huwa imepunguzwa, na yale ya ubaoni anayosema Bi Kotmiri hayapo.

Mbishi wa Kudumu

Hakuna aliyetaja bafe. Najua mnaiogopa.

Jikoni kwa Siri

Siiogopi, naichagulia siku. Bafe ya Jumapili mchana kwenye kitongoji chenye hekalu au gurdwara (nyumba ya ibada ya Masingasinga) karibu, watu wakitoka ibadani, trei hazikai, zinabadilishwa kila mara. Hapo kula. Bafe ya Jumatatu, watu wanne ukumbini, trei zina taa juu na ukoko pembeni, usiguse hata wali.

Mla Mboga

Kwa kuwa gurdwara imetajwa, langar sio mgahawa, wakuu. Ni chakula cha bure ambacho Masingasinga humpa yeyote anayeingia, wa dini yoyote. Kule Amritsar kwenye Hekalu la Dhahabu wanalisha makumi ya maelfu kwa siku. Unakaribishwa kwa moyo mweupe: funika kichwa, vua viatu, kaa chini na wenzako, pokea roti kwa mikono miwili, usibakize. Ila usiende ukakihesabu kuwa "mgahawa wa bure" wa mtaani kwako ukaandika maoni mtandaoni. Nimewahi kuyaona maoni hayo, niliona aibu kwa niaba ya aliyeyaandika.

Mahekalu mengine ya Kusini lakini yana kantini kabisa, unalipa. Lile la Ganesha la Flushing, New York, lina kantini ya dosa chini ya ardhi na watu wanatoka mbali kuifuata. Uliza kama la kwenu linayo, hasa wikendi.

Mpangaji Mpya

Mrejesho kidogo, wakuu.

Nimeingia lile duka. Rafu: magunia ya mchele, mafungu ya majani ya kari, unga wa dosa kwenye friji, nyanya za bei ya kawaida, na mzee mmoja ananuka mvuje kutwa. Nikajua kusini. Nikamuuliza swali la Mzee wa Tanuri kama lilivyo. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza "pilipili unaweza?" Nikasema naweza. Akanielekeza mahali ambapo kwenye ramani ya simu pameandikwa ni ukumbi wa sherehe.

Ni ukumbi kweli. Upande mmoja tu ndiyo kuna meza. Menyu ni karatasi moja iliyotiwa plastiki, watu wa Hyderabad na Andhra, kusini mwa India. Hakuna korma. Dengu zimekuja na zinatetemeka kama alivyosema Jikoni, nilicheka peke yangu mke wangu akaniuliza nina nini. Kuna mchuzi wa biringanya wa karanga na ufuta, sijui hata niueleze vipi, nimeukumbuka mpaka kazini. Jirani zetu wa meza, familia nzima, bibi ndiye alikuwa anaagiza.

Ila biriani waliniambia imekwisha, na ilikuwa saa mbili usiku tu. Hiyo ni dalili nzuri au ubabaishaji?

Mzee wa Tanuri

Nzuri tena sana! Biriani isiyokwisha ndiyo ya kuogopa.

Jikoni kwa Siri

Kweli kabisa. Ya Hyderabad, ile ya kachchi, nyama inawekwa mbichi, imelazwa kwenye mtindi na viungo, juu yake wali ulioiva nusu, sufuria inazibwa kwa donge la unga pembe zote, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Ikishafunguliwa imefunguliwa, huwezi kuongeza upawa mmoja saa mbili usiku kwa sababu mteja ameingia. Mahali panapokuwa na biriani muda wote, mara nyingi ni wali uliopikwa peke yake, ukachanganywa na mchuzi wa kuku na rangi ukiwa kikaangoni.

Na hakikisha unajua unachoagiza, maana biriani sio moja. Ya Kolkata ina kiazi ndani na ni ya upole. Ya Malabar, kule Kerala, inatumia mchele mfupi mwembamba, sio basmati. Ya Hyderabad inakuja na mchuzi wa pilipili na karanga pembeni na mtindi wa vitunguu. Ukipewa ya Hyderabad ukategemea kiazi utamlaumu mtu bure.

Mpangaji Mpya

Sasa nifanyeje niipate? Nifike saa ngapi?

Mbishi wa Kudumu

Fika mapema kama watu wengine, mkuu, hii haihitaji wazee wa baraza.

Jikoni kwa Siri

Mapema peke yake haitoshi, sehemu kama hizo wikendi wanauza kwa oda. Piga simu siku moja kabla, sema watu wangapi, uliza ya mbuzi sio ya kuku, na uliza sufuria inafunguliwa saa ngapi. Fika saa hiyohiyo. Wakikuletea, wali uwe wa rangi tatu bila kuchanganyika, mweupe, wa zafarani na wa kahawia, punje ndefu zimeachana. Ukiona wote wa njano moja uliza maswali.

Na anayekupakulia mwambie asichote juu juu. Kijiko kishuke pembeni mpaka chini ya sufuria, kiinuke na nyama.